Sare za harusi zinazovuka daraja la Mpondwe

Kila Jumanne na Ijumaa soko la Mpondwe hufurika watu tangu alfajiri. Wanatoka Kasindi, Beni na Butembo upande wa Kongo, na Bwera, Kisinga, Kinyamaseke na mji wa Kasese upande wa Uganda. Wengi wamefuata maharage, mchele, samaki na mafuta ya mawese. Lakini kwenye safu za vitenge kuna mteja wa aina yake ambaye wenye vibanda humjua kabla hajafungua mdomo. Haji peke yake. Anakuja na wanawake wengine wawili watatu, mmoja ana daftari, mwingine ana simu yenye picha ya nguo, na swali lao la kwanza halihusu bei. Wanauliza vipo vingapi vinavyofanana.

Hiyo ni kamati ya harusi, na imekuja kutafuta sare.

Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sare ni nini. Wanigeria nao wanayo yao, wanaiita aso ebi. Ndugu na marafiki huvaa kitambaa cha aina moja ili atakayeingia ukumbini ajue papo hapo nani ni wa upande wa bibi harusi na nani ni wa upande wa bwana. Huku chini ya milima ya Rwenzori jambo hilohilo lina uzito wa ziada, kwa sababu mara nyingi upande wa bibi harusi uko nchi moja na upande wa bwana uko nchi nyingine.

Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Kivu Kaskazini ni watu wa asili moja. Lugha zao, Lukonzo na Kinande, zinasikilizana bila mkalimani. Mpaka uliowatenganisha ulikubaliwa na wakoloni mwaka 1910, Waingereza wakabaki upande mmoja na Wabelgiji upande wa pili, na katika eneo la Bwera unafuata mto Lhubiriha, mto mdogo ambao wakazi huuvuka kwa miguu kwenda shamba, kanisani, sokoni na kuposa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Familia za hapa zilikuwa zimeshaungana kwa mbuzi wa mahari muda mrefu kabla ya hapo.

Kwa hiyo swali la vitenge vingapi vinavyofanana ni zito kuliko linavyosikika.

Hesabu ya yadi

Kwa Wakongo kitenge kina vipimo vyake, na mtu wa Kasese anayekwenda kununua sare hujifunza haraka. Pisi nzima ni yadi 12. Nusu pisi ni yadi 6, na hiyo ndiyo mama wa Kikongo huihesabu kuwa vazi kamili: blauzi, kitambaa cha kujifunga, na kingine cha juu cha kujifunga kiunoni au kukunja begani. Tuseme kamati ina akina mama 40. Hao wanahitaji pisi 20 za mchoro mmoja, rangi moja. Si jambo la kawaida kibanda kimoja kuwa na pisi 20 za namna hiyo siku moja. Muuzaji huweka aina nyingi chache chache, maana wateja wake wa kila siku hawataki kufanana na jirani. Harusi inataka kinyume chake.

Hapo ndipo wauzaji huanza kukopeshana, au kuagiza Butembo. Mji huo wa wafanyabiashara wa Kinande unajulikana kwa kuagiza bidhaa moja kwa moja kutoka Asia, na mzigo wake mwingi hushushwa bandari ya Mombasa, ukapita Kenya na Uganda hadi Mpondwe, kisha ukaingia Kongo. Ukifuata njia hiyo kwa kidole kwenye ramani utaona kichekesho chake: kitenge ambacho kamati ya Bwera inakisifia kuwa "cha Kongo" huenda kilishapita Bwera mara ya kwanza kikiwa ndani ya kontena lililofungwa, kikaenda kupakuliwa ng'ambo, kisha kikarudi begani mwa mama mmoja.

Kinachokirudisha ni bei. Kanga, kikoi na kitenge vimo kwenye orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya, na kiwango cha pamoja cha ushuru kwa vile vinavyotoka nje ya ukanda ni asilimia 50, ingawa nchi wanachama huomba ruhusa ya kutumia viwango vingine mwaka hadi mwaka. Lengo ni kulinda viwanda vya nyumbani. Matokeo yake mpakani ni kwamba kitambaa kilekile kinaweza kuwa na bei mbili kwenye kingo mbili za mto, na penye bei mbili hapakosi magendo.

Sasa fikiria shangazi wa bibi harusi anayekuja darajani na pisi 20 zinazofanana. Mtu mwenye vitenge vitatu vya rangi tofauti anaweza kusema ni vyake na akaeleweka. Mwenye pisi 20 za mchoro mmoja anaonekana mfanyabiashara, hata akitoa kadi ya mwaliko. Ofisa wa forodha hana fomu ya kutenganisha duka na harusi. Ndiyo maana katika familia nyingi kila mama huvuka na nusu pisi yake mkononi, Jumanne hii wachache, Ijumaa wachache, mpaka idadi itimie.

Mtu atauliza: si kuna utaratibu rahisi wa biashara ndogo za mpakani? Upo. Mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa na kusamehewa ushuru wa forodha. Sharti lake ni kwamba bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya. Maharage ya Kisinga yanafaulu mtihani huo. Kitenge kilichochapwa China hakifaulu, hata kama kimenunuliwa kwa mjomba.

Na hapa mwandishi ana lake la kusema. Kasese ni wilaya ya pamba. Chama kikuu cha ushirika cha Nyakatonzi kinachambua pamba ya wakulima wa tambarare hizihizi, na sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Mkulima anayevuna pamba ng'ambo ya barabara ya Mpondwe anamwoza binti yake kwa sare ya kitambaa kilichovuka bahari. Viongozi wa Jumuiya wamezungumza sana juu ya mitumba na jinsi inavyoua viwanda vya nguo. Juu ya kitenge cha harusi, ambacho watu hununua kipya, kwa wingi na kwa fedha taslimu, sijasikia mjadala wa uzito huo. Kama kuna soko la nguo ambalo tayari lina wateja wa uhakika kila mwisho wa juma, ni hili.

Damu ya mzee, marooni, bordo

Kabla ya kununua lazima watu wakubaliane rangi, na hapo ndipo lugha inapoingia katika shughuli.

Kasese ni mji wa mchanganyiko. Reli iliufikia mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ukavuta vibarua wa makabila mengi, ndiyo sababu mojawapo ya Kiswahili kusikika huko hata leo. Bwera nako kinasikika kwa sababu ya Wakongo. Hata hivyo, majina ya rangi kila mtu ameyapata kwa mwalimu wake. Rangi ambayo mtu wa pwani huiita damu ya mzee, Mganda aliyesoma shule za Kiingereza anaiita marooni, na Mkongo aliyesoma Kifaransa anaiita bordo. Kwenye simu mmoja akisema marooni na mwingine akasema bordo watakubaliana vizuri kabisa, kisha siku ya harusi mmoja atokee na nyekundu iliyokolea na mwingine na zambarau inayoelekea kahawia.

Picha haitoi tiba. Kila simu ina mwanga wake, na kitambaa kilichopigwa picha chini ya turubai la buluu la sokoni hakifanani na kilekile kikiwa juani. Isitoshe, hata mchoro mmoja wa kiwanda kimoja unaweza kutofautiana kati ya mzigo na mzigo, kwa kuwa rangi ilichanganywa siku tofauti. Washonaji wa Bwera na Kasese wana dawa moja tu wanayoiamini: kipande. Hukatwa kipande kidogo cha kitambaa chenyewe, kikakunjwa ndani ya bahasha au kwenye kadi ya mwaliko, kikapewa dereva wa teksi au mwendesha bodaboda hadi darajani. Anayekipokea Kasindi hukiweka juu ya kitambaa anachotaka kununua, juani, akaamua. Katika enzi hii ya simu za kisasa, rangi ya harusi bado inasafiri kwa bodaboda.

Kuna rangi pia ambazo kamati huzikwepa kwa sababu zisizohusiana na urembo. Njano kali ni ya chama tawala NRM. Buluu ni ya FDC, chama ambacho kilinyakua karibu viti vyote vya ubunge wa Kasese mwaka 2016. Nyekundu imekuwa ya NUP. Karibu na uchaguzi, harusi iliyojaa njano tupu inaweza kuchukuliwa kuwa mkutano wa kampeni, na mjomba wa upinzani akakataa kuvaa hata tai. Ndiyo maana pichi, krimu, kijani cha zumaridi na rangi ya dhahabu iliyofifia zina soko kubwa: hazina chama. Na kitambaa chenye madoa kama ya sare za jeshi hakiguswi kabisa, kwani sheria ya Uganda inakataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya wanajeshi, na katika wilaya iliyopita yaliyoipata Kasese mwezi Novemba 2016 hakuna wa kulifanyia mzaha hilo.

Makanisa nayo yana kauli. Mabega ya wapambe yafunikwe, wachungaji wengi husisitiza, kwa hiyo gauni lililoshonwa kwa ajili ya ukumbini hushonewa na koti fupi la kuvaliwa ibadani, la kitambaa kilekile, na gharama inapanda tena. Wasabato, ambao ni wengi huku, hawafungi ndoa Jumamosi, na wengi wao hawataki vito. Familia ya Kikatoliki ikioana na ya Kisabato, kamati huanza kwa kutafuta siku, ndipo ije kwenye rangi.

Gomesi haikubali kitenge

Tatizo gumu kuliko rangi ni umbo la nguo. Upande wa Kongo mama wa harusi anataka kitenge chake kizito, kimeshonwa blauzi yenye mikono ya madoido. Upande wa Uganda, hasa siku ya kujitambulisha nyumbani kwa binti, mama anataka gomesi: mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana unaoning'inia mbele. Ukizichanganya familia za Kinyankole na Kikiga zilizohamia Kasese, utapata na mshanana unaofungwa begani. Gomesi hupendeza ikiwa ya kitambaa chepesi kinachoteleza kama satini. Ukiishona kwa kitenge kizito hukakamaa, na mvaaji akikaa chini huonekana kama amebeba meza.

Inafaa kukumbuka kwamba mavazi haya yote yanayoitwa ya asili yametoka mbali. Gomesi ilibuniwa na fundi wa Kigoa aitwaye Gomes mwanzoni mwa karne ya 20, na historia yake inahusishwa na wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905. Kanzu ilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya biashara. Kitenge cha nta ni mwigo wa batiki ya Java uliofanywa na Waholanzi. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, ambayo jina lake bado ni fahari kwa mama wa Kikongo, ilianzishwa mwaka 1846. Sisemi haya ili kumvua mtu vazi lake. Nasema kwa sababu wazee wawili wanaweza kugombana jioni nzima juu ya vazi lipi ni la mila.

Suluhisho ambalo washonaji wa mpakani wamelizoea ni kuacha kulazimisha kitambaa na kushika rangi. Upande wa Kongo huchagua kitenge kwanza, kwa kuwa ndicho kigumu kupatikana kwa wingi. Kisha rangi moja hutolewa ndani ya mchoro wake, mara nyingi ile ya tatu kwa ukubwa na siyo ile inayotawala, na gomesi za upande wa Uganda hushonwa kwa rangi hiyo. Mshipi wa gomesi hukatwa kwenye kitenge chenyewe. Wanaume wa Uganda huvaa kanzu na koti kama kawaida, na kitambaa kidogo cha kitenge mfukoni. Wenzao wa Kongo hushona shati zima. Kwenye picha ya pamoja pande mbili hutambulikana, na bado huonekana ni shughuli moja. Mshipi hauhitaji yadi nyingi, kwa hiyo pisi moja inatosha akina mama wengi wa Uganda, na ile safari ya pisi 20 darajani inapungua.

Asiye na sare

Hapa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazipendi kulizungumza. Harusi ya Uganda huendeshwa kwa michango: mikutano ya kila wiki, ahadi zilizoandikwa daftarini, kundi la WhatsApp linalokumbusha. Ndugu anayeishi kwa kibarua cha shamba hutoa mchango, hutoa nauli, kisha huambiwa anunue kitambaa na amlipe fundi. Fundi anaweza kudai fedha inayokaribia bei ya kitambaa chenyewe, hasa kazi ikija dakika za mwisho. Tuseme ana binti wawili wa kuwavisha. Kwa nguo itakayovaliwa siku moja, hiyo ni karo ya muhula.

Asiyeweza hubaki nyumbani, au huja akakaa nyuma. Kuna shughuli ambako wenye sare huketi hemani mbele, huitwa kwanza kwenye picha na hata kwenye chakula. Shangazi aliyemlea bibi harusi akiwa amevaa gomesi yake ya zamani ya kijani kati ya pichi tupu anaweza kuombwa, kwa upole, asogee pembeni "ili picha itoke vizuri". Kuombwa huko hakusahauliki. Pale ambapo nusu ya ukoo imevuka mpaka ili kuonyesha kwamba bado ni ukoo, kumsogeza mtu pembeni kwa ajili ya rangi ni kuvuruga kilichowaleta.

Zipo familia zilizopata njia ya katikati, na kwa maoni yangu zina busara kuliko zile zenye magauni ya kukodi kutoka Kampala. Zinatangaza rangi mapema, miezi mitatu au zaidi, na kuruhusu kila mtu atafute alichonacho ndani ya rangi hiyo. Kitambaa chenyewe hukatwa vilemba na mishipi ambayo kamati huilipia kutoka kwenye mfuko wa michango na kuwagawia wote mlangoni. Mwenye gomesi ya zamani anafunga mshipi mpya, na hakuna wa kumsogeza.

Mpaka ukifungwa

Mipango yote hii husimama juu ya daraja, na daraja limefungwa mara kadhaa. Juni 2019, Ebola ilipoingia Kasese kupitia familia iliyokuwa imekwenda Kongo kumuuguza babu, siku za soko na mikusanyiko ya hadhara vilisimamishwa. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka kwa abiria kwa sababu ya korona, na harusi zikaruhusiwa watu wasiozidi kumi. Waganda, ambao hawakosi jina la jambo, wakaziita harusi za kisayansi. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, shangazi hakupita. Kuna sare zilizoshonwa Kasindi mwaka ule ambazo wenyewe walizivaa nyumbani kwao, wakapiga picha, wakazituma kwa simu kwa bibi harusi aliyekuwa Bwera, mwendo wa miguu kutoka hapo.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo muziki ulinyamaza kwa muda, na hata uliporejea, familia nyingi za Kongo zilitaka kuondoka kabla ya giza.

Hilo la muda lina mtego wake mdogo. Uganda iko mbele ya mashariki ya Kongo kwa saa moja. Kadi inayosema saa nne asubuhi Bwera inamaanisha saa tatu kwa mtu wa Kasindi, na asiyeambiwa atafika ibada ikielekea mwisho. Msafara wa magari nao, ukivuka, huhama kutoka kushoto kwenda kulia kwa barabara, maua yakiwa bado kwenye boneti. Siku hizi kadi za harusi za mpakani huandikwa saa zote mbili.

Fundi naye ana kalenda yake. Harusi ikiwa Jumamosi, kitambaa kisipopatikana soko la Ijumaa ya wiki mbili kabla, bado lipo soko la Jumanne. Likipita hilo pia, anaanza kukataa kazi, au anapandisha bei. Na wale wanawake wenye daftari hurudi kibandani wakiwa na kipande chao kwenye bahasha, wakakiweka juu ya pisi moja baada ya nyingine, wakizitoa kwanza nje ya turubai, juani.